Kondoo wa Kibanda cha Salvator

Vumbi likikaa miaka juu ya plastiki, halafu plastiki ikapata moto, hutoka harufu ambayo siwezi kuifananisha na kitu kingine. Si mbaya, si nzuri. Majuzi kijana mmoja aliniletea dukani kwangu, hapa Mbarara, mashine ya gemu ya zamani, ile aina ya kutia sidii, akaniomba niangalie kwa nini inazima yenyewe. Nilifungua mgongo wake, nikaiwasha hivyo hivyo ikiwa wazi ili nione kama feni inazunguka, na ile harufu ikapanda. Nikaacha bisibisi mezani.

"Sista, hiyo imekufa?" kijana akauliza.

"Haijakufa. Imejaa vumbi tu. Rudi jioni."

Watu wa umri wangu wakisimulia utoto wao husema machozi yaliwalenga waliponusa hiki au kile. Mimi sikulengwa na chochote. Nilichukua brashi nikaanza kufagia feni, na kichwani nikamwona Papa amekaa kwenye benchi, mikono yake yote miwili juu ya fimbo, akitazama kondoo.

Tulikuwa tumeishi Nakivale, kambi ya wakimbizi, muda wa kutosha kwa nyumba yetu ya udongo kuanza kupasuka pembeni. Turubai la juu lilikuwa limegeuka rangi. Mama alikuwa amepewa kipande cha kulima, naye alikilima peke yake, mahindi na maharagwe, mdogo wangu akiwa mgongoni. Papa hakulima. Kwetu, milima ya juu kule Kivu ya Kusini, Papa alikuwa mtu wa ng'ombe, kama babu yake na babu wa babu yake. Watu wenye bunduki walikuja wakazichukua zote asubuhi moja, na yeye akazifuata kwa macho kutoka kwenye mteremko mpaka zikaingia ukunguni. Hilo nililisikia kwa watu wengine. Yeye hakulisema. Tulipofika Uganda alikaa mbele ya mlango, kwenye jiwe, na akakaa. Hakuwa mkali. Ukimpa chakula anakula. Ukimwambia mvua inakuja anaingia ndani. Mimi nilimzoea hivyo, na nadhani niliiga kidogo, kwa sababu mwalimu alimwambia Mama kwamba mtoto wake ni mtulivu sana.

Siku moja shemasi wa kanisa letu alikuja kumtembelea Papa. Aliongea shemasi peke yake, kama ilivyokuwa kawaida kwa kila aliyekuja, na kabla ya kuondoka shemasi akamwambia Mama kwa sauti ya chini: "Zile ng'ombe, mama, musizingojee. Bamezipeleka inje zote."

Leo najua shemasi alitaka kusema nini. Zilivushwa mpaka, zikauzwa, zikachinjwa. Lakini kwa mtoto wa Nakivale neno "inje" lilikuwa na maana moja tu. Inje ni kule ambako majirani walikwenda majina yao yakiitwa. Walipanda basi wamevaa makoti kwenye jua, wakaenda kupanda ndege, na baada ya muda picha zao zikaja kwenye simu, wamesimama kwenye theluji. Basi nikaelewa kwamba ng'ombe zetu majina yao yaliitwa kabla ya yetu. Zilikuwa Ulaya, zinaona baridi. Sikuona ajabu yoyote. Nilijiuliza tu nani anazikamua.

Kule Misiera, humo humo kambini, karibu na maduka, kulikuwa na Mrundi mmoja aliyeitwa Salvator. Alikuwa Mkatoliki mwenye rozari shingoni na kibanda cha mabati chenye sola juu. Alichaji simu za watu, na kwenye kioo kikubwa cha televisheni alichotoa Mbarara aliweka gemu. Mchana wavulana walijaa humo kucheza mpira na vita, na kelele zao zilisikika mpaka barabarani. Asubuhi kibanda kilikuwa kitupu. Shuleni kwetu watoto tulikuwa wengi mno, tukagawanywa, wengine asubuhi na wengine mchana, nami nilikuwa wa mchana. Mama alinituma asubuhi kuchaji simu yetu, nikawa nakaa humo nikiingoja, kwa sababu simu zilikuwa zinaibiwa.

Siku moja Salvator alikuwa anajaribu sidii zake moja moja kuona zipi zimekwaruzika. Akatia moja, na kwenye kioo ikaja nyumba ya mawe peke yake mlimani, na dirisha moja lenye taa. Chini yake kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Halafu nyumba ikafifia, tukaona majani, ukungu, kuta fupi za mawe, na kondoo.

"Hii hakuna mutu anaipenda," Salvator akasema. "Hakuna kupiga mutu, hakuna goli. Ni kuchunga tu."

"Ile nyumba ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ni ya bale baliotengeneza hii gemu. Bako Uingereza."

"Na kondoo?"

"Ni ya bo. Vyote ni vya bo. Sisi tunacheza tu."

Alinipa pedi ya kuchezea, akanionyesha kitufe cha kutembea na kitufe cha kupiga mluzi kumwita mbwa, kisha akatoka kwenda kunywa chai. Mimi nikabaki na wale kondoo. Mchungaji alikuwa mtu wa koti refu ambaye huoni uso wake. Kazi yake ilikuwa kuwatoa kondoo milimani na kuwashusha nyumbani kabla ya theluji. Ukiwakimbiza wanatawanyika. Ukungu ukishuka huoni hata mkono wako, unasikia kengele tu.

Sijui ni siku ya ngapi ndipo jambo lilipojipanga kichwani mwangu. Haikuwa kama wazo. Ilikuwa kama kukumbuka kitu nilichokuwa nakijua. Ng'ombe ziko inje. Huku ni inje. Hawa wenye nyumba ya mawe ndio wanaozishika, na wameweka njia ya kuzirudisha, ila lazima mtu azilete mpaka mwisho. Kwamba zilikuwa na manyoya na hazikuwa na pembe ndefu halikunisumbua. Hata wale majirani kwenye picha walikuwa wamevimba kwa makoti, uso hauonekani. Baridi hubadilisha watu. Na ukungu ule niliambiwa tangu zamani kwamba ndimo zilimoingia.

Nikawa nacheza kila asubuhi. Salvator alinionyesha jinsi ya kuhifadhi pale nilipofika ili nisianze upya. Nilikuwa mbaya. Kila mara nilipoteza wengi njiani, wakaanguka kwenye magenge au wakabaki nyuma, na mwisho wa siku ya mle ndani kioo kiliniambia wamebaki wangapi, nami niliona aibu kana kwamba watu wa ile nyumba walikuwa dirishani wananitazama. Ilifika mahali palipokuwa na mto, na hapo sikuweza kupita kabisa. Nilijaribu mpaka vidole vikauma.

Ndipo nikaenda nyumbani nikasimama mbele ya lile jiwe.

"Papa, kuna nyama zinakataa kuvuka maji."

Kwetu "nyama" ni mnyama yeyote, hata aliye hai. Papa aliinua macho. Hakuuliza ni zipi wala za nani. Akauliza, "Maji iko na kasi?"

"Kidogo."

Akachukua fimbo yake iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akasimama. Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Aliacha ungo ukaning'inia mikononi, akatutazama tukiondoka.

Papa alipofika kibandani akaona kwamba ni televisheni, nilidhani atageuka. Hakugeuka. Salvator, ambaye aliwaheshimu sana wazee, alimsogezea benchi. "Muzee, kaa hapa. Ile ingine imevunjika muguu." Papa akakaa, akaweka mikono juu ya fimbo. Nikaanza kuwasukuma kondoo mtoni, wakatawanyika kama kawaida.

"Usizisukume, mama," akasema. Aliniita hivyo, mama, kama wababa wa kwetu wanavyowaita mabinti zao. Nilikuwa nimesahau. "Simama. Zikuone kwanza."

Nikasimama. Kondoo nao wakasimama.

"Ile ya mbele, yenye sikio jeusi. Ndiyo mukubwa wao. Ingine zote zinaangalia yeye. Umwache. Yeye akinywa, zote zitatulia. Akivuka, zote zitavuka. Wewe kaa nyuma na uangalie fasi ingine, kama hauna haraka."

Niliachia vitufe. Kioo kilibaki vile vile muda mrefu, mpaka Salvator akadhani mashine imekwama. Kisha yule wa sikio jeusi akatia mguu majini, akatoka, akatia tena. Akavuka. Wote wakamfuata.

Papa akatoa pumzi puani. "Huyu mwenye aliyatengeneza haya," akasema, "amechunga kweli."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake tangu tulipofika. Kesho yake alikuwa amevaa koti lake kabla mimi sijaamka.

Kiangazi kile tulikwenda kila asubuhi. Yeye hakugusa pedi hata siku moja. Alisema, nami nikafanya. Alijua lini upande wa mlima utakuwa na upepo. Alijua kwamba kondoo aliyebaki nyuma huenda amezaa, nikarudi, nikakuta amezaa kweli. Wavulana waliofika mapema walimzoea wakamwachia nafasi yake, na mmoja wao alimletea sigara ambayo hakuivuta. Njiani kurudi alizungumza. Si juu ya ng'ombe zetu. Alizungumza juu ya wale wa kwenye kioo: kwamba yule mwenye baka mguuni anachechemea, kesho tusimpitishe mawe. Nami niliona anarudi kidogo kidogo, na sikufurahi kama mtoto anavyofurahi. Nilikuwa nahesabu njia iliyobaki. Nilijua kazi yenyewe bado.

Mama hakupenda. Jioni moja, Papa akiwa ndani, alinyoosha mgongo na jembe mkononi akasema akiuelekea mlango: "Batu bananiuliza bwana yangu anafanya kazi gani. Nibaambie nini? Anachunga kondoo ya televisheni?"

Papa alitoka akasimama mlangoni. "Inakaribia kufika," akasema.

"Ikifika tutakula nini?"

Mimi nilikuwa na jibu, lakini sikulitoa, kwa sababu nilitaka Mama ashtuke kwa furaha atakapoziona zinapanda barabara ya Misiera.

Siku tuliyomaliza kulikuwa na wavulana wawili watatu kibandani, na Salvator hakwenda kunywa chai, maana hakuna mtu aliyewahi kuifikisha gemu ile mwisho. Tuliwashusha kondoo kwenye bonde la mwisho, theluji inaanza. Hatukupoteza hata mmoja siku ile. Ile nyumba ya mawe ikatokea mbele yetu, ile ile ya mwanzo, dirisha lina taa. Yule wa sikio jeusi akapita langoni kwanza. Wote wakaingia zizini. Mchungaji akafunga lango. Nikageuka kutazama barabara nje ya kibanda. Kulikuwa na mwanamke amebeba kuni.

Nilipogeuka, kwenye kioo kulikuwa kumekucha. Malori yalikuwa yamesimama mbele ya nyumba. Watu waliovaa nguo nyeupe mwili mzima, mpaka vichwani, walikuwa wanatembea uani. Kisha tukawa ndani, jikoni, na mkono ukavuta pazia. Hatukuona tena nje. Tulisikia tu. Kengele zilisikika, nyingi, halafu chache. Baadaye pazia likafunguliwa, na uwanja ulikuwa mtupu, lango wazi, na nyuma ya nyumba ulikuwa unapanda moshi mweusi, mnene, ulionyooka. Halafu majina ya watu yakaanza kupanda kwa Kiingereza, bila muziki.

"Imeisha hivyo?" mvulana mmoja akauliza.

Salvator aliitoa sidii akaipangusa kwenye shati lake. "Itakuwa imeharibika. Hizi za kunakili zinaharibika."

"Haikuharibika," Papa akasema. Alikuwa bado ametazama kioo ambacho sasa kilikuwa cheusi. "Bamezichoma. Huyu mutu naye, zake ziliisha."

Akasimama, akashukuru kwa benchi, akatoka. Nilimfuata kwa mbali. Niliendelea kutazama barabara. Nilisubiri siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa, na sijui nilikoma lini. Hakuna siku ambayo niliamua kukoma.

Nilidhani Papa atarudi kwenye jiwe lake. Siku chache alirudi kweli. Kisha asubuhi moja alimkuta Mama anawasha moto akamwambia anakwenda Endiinzi, nje ya kambi, kutafuta kazi ya ng'ombe.

"Ng'ombe za nani?" Mama akauliza.

"Za mutu."

"Za mutu ni za mutu."

"Najua," Papa akasema. "Nitazichunga hivyo hivyo."

Alikwenda kwa miguu. Mzee mmoja Mnyankore mwenye ng'ombe nyingi za pembe ndefu alimpokea, akampa kibanda karibu na zizi. Tangu siku ile Papa alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Alileta maziwa kwenye jerikeni, alinuka moshi na samadi, alilala, akaondoka. Mama alianza kusalimiana na watu kwa sauti. Watu walisema Mungu amejibu. Mimi nilikuwa na hesabu nyingine. Kwa hesabu yangu, sisi tulizifikisha ng'ombe zetu nyumbani na wenye nyumba ya mawe wakazila, na Papa, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaenda kuchunga za wengine. Sikumwambia mtu. Lakini alipokuja shuleni mzungu mmoja kutoka Uingereza, akapita mstari mzima akitushika mikono na kugawa kalamu, alipofika kwangu nilimuuliza, kwa Kiingereza kidogo nilichokuwa nacho, ng'ombe mliziweka wapi. Aliinama akaniomba nirudie. Nikarudia. Akacheka kwa upole, akanishika kichwa, akasema kitu kwa mwalimu, na mwalimu naye akacheka. Nikapokea kalamu. Iliandika vizuri.

Nimekuwa mtu mzima bila kusikia sana kitu moyoni. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Nilisoma, nikajifunza kutengeneza mashine, nikapata chumba Mbarara na kibao cha duka. Salvator alirudi Burundi na kibanda chake sasa wanauza chapati. Mama bado yuko Nakivale, na Papa bado yuko Endiinzi, kwa mtoto wa yule mzee, maana mzee mwenyewe alikufa. Watu hunisifu kwamba sitikisiki. Mteja akinifokea, namtazama mpaka anamaliza.

Baada ya kuifagia feni ile nilikaa na simu yangu, nikajaribu kuitafuta ile gemu. Sikujua jina lake. Niliandika kondoo, ukungu, nyumba ya mawe, Uingereza. Ilinichukua muda, lakini niliiona ile nyumba, dirisha lina taa, kwenye ukurasa wa wale walioitengeneza. Juu yake walikuwa wameweka tangazo kwamba wamefunga. Chini kulikuwa na mazungumzo marefu na mmoja wa waanzilishi wake, mwanamke, akisimulia tangu mwanzo. Nilisoma yote, katikati nikihudumia watu.

Walikuwa watatu tu. Yeye, rafiki yake aliyejua kuchora, na mwanaume mmoja aliyekuwa ameacha kazi ya kompyuta katika benki. Walipanga chumba juu ya duka la mikate katika mji mdogo wa kaskazini, na asubuhi joto la tanuri lilipanda kupitia sakafu, kwa hiyo walifanya kazi asubuhi, mchana wakavaa makoti. Walianza kwa kutengeneza vijigemu vya simu vilivyotoka kwa majina ya watu wengine. Pesa ya hivyo ndiyo iliyolisha gemu ya kondoo, ambayo iliwachukua miaka. Ile nyumba ya mawe ilikuwa ya wazazi wa yule mwanamke. Alipokuwa mtoto, ugonjwa wa midomo na kwato uliingia nchini mwao, na shamba la jirani likakutwa nao. Kondoo wao hawakuwa wagonjwa. Serikali iliagiza wote wauawe na kuchomwa, ili usienee. Mama yake alimweka jikoni akafunga pazia. Yule mwanamke alisema alitaka kutengeneza kitu ambacho ndani yake mtu atawachunga kondoo kwa muda mrefu kwanza, awajue mmoja mmoja, ndipo asikie kama alivyosikia yeye nyuma ya pazia.

Kampuni kubwa iliyokubali kuiuza gemu ile iliona mwisho wake ikakataa. Wachezaji wa nakala za kwanza, zilizokuwa zimeshatoka, walikuwa wamekasirika, wengine walidai warudishiwe fedha. Kampuni ikataka kondoo wapone. Wale watatu wakagombana mle chumbani mwao. Mchoraji alisema afadhali kufunga kuliko kudanganya. Yule wa benki alikuwa na watoto wa kulisha. Mwanamke mwenyewe, mwenye hao kondoo, ndiye aliyekubali mwisho ubadilishwe, kwa sababu alikuwa amechoka. Mchoraji akaondoka na hawakuonana tena. Katika nakala zilizotoka baadaye malori yanakuja yamebeba majani makavu, na majira ya machipuko kondoo wanatoka tena. Gemu ikauzwa vizuri kidogo. Gemu zilizofuata hazikuuzwa. Miaka yao ya mwisho walikuwa wanatengeneza vipande vya gemu za wenzao: miti, milango ya magari, mawe. Kisha wakazima taa.

Nilifikiria hilo la nakala. Sidii ya Salvator ilikuwa ya zamani, ya kunakiliwa kutoka zile za kwanza. Kama ingekuwa ya baadaye, asubuhi ile tungeona majani makavu yanashushwa na kondoo wanatoka zizini. Mimi ningeendelea kutazama barabara, pengine miaka. Na Papa angebaki kwenye ile benchi. Angeanza upya tangu milimani, na kufika, na kuanza upya, mpaka leo.

Nikampigia simu. Alikuwa machungani, nilisikia upepo. Huko Endiinzi wamefungiwa, ugonjwa ule ule umeonekana, hakuna ng'ombe kutoka wala kuingia, na soko la mifugo limefungwa. Nikaanza na hilo.

"Za kwenu zikoje, Papa?"

"Zilichanjwa. Mbili zilitoka malengelenge mu midomo, zimeanza kula."

Nikamwambia kuhusu yule mwanamke. Nilieleza polepole, maana mtandao ulikuwa unakata: ile nyumba, ugonjwa, jirani, pazia. Hakunikatiza. Nilidhani hakumbuki kibanda cha Salvator.

"Zilikuwa na ugonjwa?" akauliza mwishoni.

"Hapana. Za jirani ndizo zilizokuwa nao."

"Na bakazichoma."

"Ndiyo, Papa."

"Alikuwa na ngapi?"

"Hakusema."

"Balipata ingine?"

"Hapana. Baba yake aliuza shamba."

Nilisikia ng'ombe zinakunywa, ile sauti ya pua majini, nyingi kwa pamoja.

"Ile ni mubaya," akasema. "Kabisa, ile ni mubaya."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo juu ya zetu. Sauti yake ilikuwa imekatika katikati, na haikuwa mtandao. Nilishika simu kwa mikono miwili.

"Umwambie pole," akasema.

"Simjui, Papa. Sina namba yake."

"Umwambie tu."

Akakata, kwa sababu zilikuwa zimemaliza kunywa. Nilirudi kwenye ule ukurasa. Chini ya tangazo lao watu wengi walikuwa wameandika kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza nakijua vya kutosha sasa. Lakini aliyenituma hakijui. Basi niliandika kwa Kiswahili, kama alivyosema, kwamba Papa anakupa pole ya kondoo. Niliyasoma maneno yale mara moja kabla ya kuyatuma, na hapo ndipo macho yangu yalipoacha kuona kioo.